Kesho Nani Anakwenda?

Shangazi aliyenilea alikuwa muuguzi mkunga, mzee wa kanisa na mtu wa Uamsho, ule mwamko wa wokovu ulioenea katika makanisa ya Afrika Mashariki, na sikuwahi kumsikia akiyazungumzia mambo hayo kana kwamba ni matatu. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 75, nyumbani kwake Kamachumu, mkoani Kagera. Binamu zangu wameniomba niandike habari zake kwa ajili ya wajukuu, ambao walimkuta tayari anatembelea mkongojo. Wasifu wake ulishasomwa msibani, vyeo na tarehe zote, na sina haja ya kuurudia. Nitaandika jinsi alivyosali, kwa sababu humo ndimo nilimojifunza karibu kila ninachokijua kuhusu kumtumikia Mungu na watu.

Nilihamia kwake mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kufiwa na baba na kisha mama. Kwetu Buhaya, nchi ya Wahaya, mtoto wa kaka hulelewa upande wa ukoo wake, si kwa shangazi aliyeolewa kwingine, lakini ukoo wetu ulikuwa umebaki na wazee na watoto tu. Mume wake, mwalimu wa shule ya msingi, alitupokea mimi na mdogo wangu bila kuuliza tutakaa mpaka lini. Aliongeza kitanda chumba cha nyuma, akatuandikisha shuleni kwake, basi.

Jioni baada ya chakula, mara nyingi ndizi na maharage, na senene msimu wake ukifika, meza ilifutwa ikawekwa taa ya chemli na daftari la shule lililovikwa jalada la gazeti. Tuliimba beti mbili tatu. Mwalimu alisoma Neno. Kisha Shangazi alinisogezea daftari na kusema, "Soma." Nilisoma jina la kwanza. Yeye, macho kafumba, alisema sentensi moja tu: "Bwana, huyu kifua kinambana na paa lake linavuja." Tukanyamaza kidogo. Halafu, macho bado kafumba: "Kesho nani anakwenda?"

Mtu mmoja pale mezani alipaswa kujibu. Kama wote tulikuwa na shule au kazi, aliuliza nani atakwenda keshokutwa. Kama hakupatikana mtu kabisa, aliniambia jina lile nilirudie mwishoni, na mara nyingi mwishoni ndipo Mwalimu alipokohoa na kusema, "Nitapita mimi nikitoka shule." Nami nikaandika mbele ya jina: Mwalimu, sabuni, Alhamisi. Ndipo tukaendelea na jina la pili. Ibada ya namna hiyo haina usingizi, maana hujui ni jina lipi litakalokuangukia.

Jina ambalo lilipitisha wiki bila kuandikiwa kitu mbele yake alilishika kwa kidole, akatutazama mmoja mmoja. "Huyu tulimwombea," aliuliza, "au tulimtaja tu?"

Swali hilo limenifuata mpaka leo. Nimekaa kwenye mikesha mingi, nimesikia maombi marefu yenye machozi ya kweli, na kila mara najikuta nikisubiri mtu aulize kesho nani anakwenda. Sidharau maombi yale. Ila nililelewa na mwanamke ambaye kwake kumwombea mtu kulikuwa ni kujiandikisha kazini, na mtu akishalelewa hivyo hawezi tena kusema "tunakuombea" na kufunga mlango.

Mwenyewe aliyapata hayo kwa mama yake, yaani bibi yangu. Uamsho uliotoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ulipita Uganda ukafika Buhaya kabla muongo huo haujaisha, na bibi aliokoka akiwa msichana. Watu wa Uamsho hawakuishia kulia na kuimba. Walirudisha vitu walivyoiba, walilipa kodi walizokwepa, walikwenda kwa majirani walionuniana nao miaka mingi wakaomba radhi mlangoni. Wokovu ulikuwa na safari ndani yake, na Shangazi aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Alizaliwa mwaka 1944. Alipokwenda kusomea uuguzi Ndolage katikati ya miaka ya 1960, hospitali ya Kanisa la Kilutheri iliyo hapo hapo kwetu, baadhi ya walimu wake walitoka Sweden, na alisema walimfundisha jambo ambalo Uamsho haukuwa umemfundisha: kuandika. Kila kitu kiandikwe. Joto, mapigo, saa, kiasi cha dawa, jina la aliyeitoa. Nadhani daftari la mezani lilizaliwa pale, mama yake upande huu na cheti cha joto la mgonjwa upande ule.

Zamani zile Kagera ilikuwa bado inaitwa Ziwa Magharibi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia eneo la kaskazini ya mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa, watu walimiminika kusini wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Shangazi alizalisha wanawake kwenye madarasa na chini ya migomba ya watu asiowajua. Hakupenda kuusimulia wakati huo. Alichosema, tukimbana sana, ni kwamba wanawake wale walikuwa wanaomba radhi. Mtu anazaa barabarani, amekimbia risasi, na anaomba radhi kwa kukusumbua. Alikuwa akisimulia hapo, sauti inabadilika, anaondoka kwenda kuangalia moto.

Niliona kazi yake kwa macho yangu wakati wa likizo, aliponichukua zahanati nimsaidie kufagia na kupanga kadi za kliniki. Kitu kimoja nakikumbuka kuliko vyote. Mama mjamzito amelala kitandani, Shangazi anasugua viganja vyake kwanza vipate joto, kisha anapapasa tumbo taratibu akitafuta mgongo wa mtoto umelalia upande gani. Akishaupata, anasimamisha pale kile kipembe cha mbao cha kusikilizia, anaegemeza sikio na kuondoa mkono, kipembe kinabaki kimeshikwa na sikio na tumbo. Mkono mmoja unakwenda kwenye kifundo cha mkono wa mama kushika mapigo yake, asije akayahesabu ya mama akidhani ni ya mtoto. Mkono wa pili umeshika saa iliyobanwa kifuani. Chumba kizima kinanyamaza. Wapo waliohesabu robo dakika wakazidisha kwa nne. Yeye alihesabu dakika nzima kila mara, hata foleni ikiwa imefika nje ya uzio.

Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, nikaamini anasali. Siku moja nilimuuliza anasema nini.

"Nahesabu, mwanangu," akajibu. "Wakati wa kuhesabu sisali. Nikihesabu vibaya, sala haitamsaidia mtoto huyu."

Halafu akanifundisha: yasipungue 110, yasizidi 160. Sikuwahi kuwa muuguzi, mimi ni mhasibu, lakini namba hizo zimekaa kichwani kuliko nyingi nilizofundishwa chuoni. Na jibu lake lilinitoa wasiwasi nilioubeba tangu utotoni, kwamba mtu mcha Mungu hapaswi kuzama katika kazi mpaka akamsahau Mungu kwa dakika moja. Kumbe ipo dakika ambayo Mungu mwenyewe anataka uhesabu.

Sasa nifike kwenye miaka ile, maana bila hiyo haeleweki.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Kabla jina la UKIMWI halijazoeleka, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wachuuzi wa magendo kutoka Uganda. Mtu alikonda, akaharisha, akatoka vipele, na watu wakasema amevaa Juliana. Wengine walisema amerogwa na Waganda aliowadhulumu. Vijana waliojenga nyumba za bati baada ya vita ndio waliotangulia, kisha wake zao, kisha watoto wachanga. Ikafika mahali usharika wetu ulizika mara kadhaa kwa wiki, mpaka chama cha kufa na kuzikana kikakaa kikao cha kupunguza chakula cha matanga, maana vibanja, mashamba yetu ya nyumbani, vilikuwa vinaisha ndizi.

Zahanati haikuwa na glovu za kutosha. Zilizotumika zililowekwa kwenye dawa, zikafuliwa, zikajazwa maji kuangalia kama zinavuja, zikaanikwa kambani vidole vikitazama chini, zikapakwa poda, kisha zikachemshwa kwa mvuke tayari kurudi kazini. Kazi ya kuzijaza maji niliifanya mimi likizo. Ukiona tone kwenye ncha ya kidole unasema, na Shangazi anaichukua ile glovu anaikata kwa mkasi katikati, ili asije mtu akaipitisha kwa sababu ya uhaba. Sindano zilikuwa za kioo na chuma, zikichemshwa, na dakika zilihesabiwa tangu maji yanapoanza kuchemka, siyo tangu sufuria inapopandishwa jikoni. Kwa habari hii alikuwa mkali kupita kiasi. Alimkatalia sindano kiongozi mmoja mwenye haraka, akamwambia akae benchi kama wengine mpaka dakika ziishe.

Lakini mtu huyo huyo aliyekuwa mkali hivyo ndiye aliyeingia kwenye nyumba ambazo hata ndugu walisukumia chakula mlangoni kwa ufito. Aliingia, akasalimia kwa kushika mkono, akakaa mkekani. Akiletewa uji, alikunywa. Mimi niliyekuwa nimemfuata na kikapu nilisimama mlangoni nikitetemeka. Njiani kurudi alinieleza bila kunigombeza. "Damu naivalia glovu. Mkono wa mwenyeji siuvalii glovu." Alikuwa anajua mpaka uko wapi kwa sababu alikuwa amesoma, na alikuwa anaufuata kwa sababu aliamini. Ningependa vijana wa makanisa yetu walisikie hilo vizuri, kwani nimeona kwa macho yangu ujasiri usio na elimu na elimu isiyo na ujasiri, na vyote viwili vilizika watu.

Hapo ndipo mgongano wake na Ndugu, wenzake wa Uamsho, ulipoanza, na hili nalieleza kwa kirefu kwa kuwa wajukuu hawakuambiwa.

Watu wa Uamsho wana desturi ya kutembea nuruni. Unasimama kwenye ushirika, unaungama dhambi yako kwa jina lake, Ndugu wanaimba, umewekwa huru. Ni jambo zuri. Limeponya ndoa na koo nzima kwetu. Lakini katika miaka ile ya hofu baadhi ya Ndugu walianza kutaka nuru iangazwe kwa wengine. Nani anaumwa nini? Nani alizaa mtoto mwenye vipele? Kijana huyu anayetaka kumposa binti wa fulani, mama mkunga unamjua, je, yuko salama? Walimuuliza kwa upole, kwa jina la Yesu, na wengi wao walikuwa na mabinti wa kuoza, hofu yao ilikuwa ya kweli.

Shangazi alisimama akasema: "Bwana Yesu asifiwe." Wakaitikia. "Nimeokoka, na dhambi zangu nitaziweka nuruni leo mpaka kesho asubuhi mkitaka. Za mgonjwa si zangu. Na ugonjwa si dhambi ya kuungamiwa na muuguzi." Akakaa. Walimsihi. Mzee mmoja alimwambia anamficha shetani ndani ya kanga. Hakujibu. Kwa muda mrefu baadaye baadhi yao hawakumwalika kwenye ushirika wa nyumbani, na yeye, aliyeimba nyimbo zile tangu akiwa tumboni, alikuwa anaimba jikoni peke yake. Nilimwona akilia mara moja tu katika jambo hilo. Lakini alichokijua kuhusu watu hakikutoka, wala kwa mchungaji, wala kwa Mwalimu mumewe. Alichofanya ni kuwashauri vijana wenyewe waende kupima wawili pamoja kabla ya uchumba, kupima kulipoanza kupatikana mjini Bukoba, na alikuwa radhi kuwalipia nauli.

Ndiyo sababu daftari letu halikuwa na ugonjwa ndani yake. Nilipoanza kulishika niliandika siku moja mbele ya jina kile nilichodhani ni ukweli. Akachukua wembe, akaukwangua wino mpaka karatasi ikawa nyepesi, akanionyesha kinachotakiwa: jina, kinachohitajika, nani anakwenda, lini. Mkaa. Shuka. Kumgeuza upande. Kumsomea barua ya mwanawe. Mtu akiliiba daftari hili, alisema, aone kazi tu.

Mambo ya kondomu yalikuja baadaye. Wazee wa kanisa walimwita kumhoji kwa kuwa alikuwa akiwapa wenye ndoa. Aliwaeleza kwamba anao watu waliofunga ndoa madhabahuni, mmoja ana virusi na mwenzake hana, wanapendana na wana watoto wa kulea, na akawauliza wao wazee wangemshauri awaambie nini. Kikao kiliahirishwa. Hakikuitishwa tena, na miaka michache mbele akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa pamoja nao. Alitumika kwa amani na wale waliomhoji. Alisema Kanisa limemzaa na halijamaliza kukua, kama ambavyo yeye hajamaliza.

Nikisema nilijifunza kwake kuhusu imani, watu wanadhani nazungumzia huruma. Nilijifunza pia kuhusu mashamba.

Kwetu kibanja ndicho uhai. Ndizi, kahawa, makaburi ya wazee, vyote viko humo. Na kwa mila zetu, ambazo serikali iliziandika katika tamko la sheria za kimila mwaka 1963, mwanamke hakuweza kurithi ardhi ya ukoo akawa na mamlaka nayo kama mwanamume. Aliweza kuitumia maisha yake, basi. UKIMWI ulipofyeka wanaume, wajane walibaki wanyonge mbele ya mashemeji, ambao wengine walisema wazi kuwa mwanamke huyu ndiye aliyemuua ndugu yao, na watoto hawa hata hawajulikani ni wa nani.

Jambo la watoto lilimwamsha Shangazi. Kwa miaka mingi, kila mtoto alipozaliwa mikononi mwake, alimwita baba, hata akiwa shambani, asimame dirishani ataje jina lake na la ukoo, naye aliandika kwenye kadi ya kliniki mbele yake. Wenzake walimwona msumbufu. Mjane mmoja jirani yetu alipoitwa kwenye baraza la ukoo atolewe kwenye kibanja, Shangazi alimfuata akiwa na sare yake nyeupe na kadi zile mkononi. Wanawake hawakuwa wasemaji kwenye baraza lile. Aliomba ruhusa kwa heshima zote, akapiga goti kama inavyostahili mbele ya wazee, kisha akasimama akasoma kadi moja baada ya nyingine: tarehe, uzito, jina la mtoto, jina la baba, jina la ukoo. "Waitu, baba yao aliyataja mwenyewe, nami niliandika akiwa amesimama. Je, aliwadanganya?" Hakuna aliyetaka kusema marehemu alidanganya. Watoto wakatambuliwa, na mama akabaki kuwalelea katika kibanja chao.

Alifanya hivyo tena na tena, na mara nyingine alishindwa. Hukumu ya Mahakama Kuu Mwanza ya mwaka 1990 ilipofika masikioni mwetu, ile ya Jaji James Mwalusanya katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, alimtaka Mwalimu amweleze neno kwa neno. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya kutoka wilaya yetu ya Muleba, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake akamshtaki kwamba mwanamke hana haki hiyo. Jaji akasema mila inayombagua mwanamke inapingana na Katiba, na mwanamke anayo haki ya kuuza kama mwanamume. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wosia uliandikwa?" Uliandikwa. Tangu wiki ile akawa anabeba karatasi tupu na kalamu kwenye mkoba wake wa dawa. Alikaa na waume waliokuwa wanakufa, akiwaombea, na akishaomba aliuliza kama wangependa kuandika neno kuhusu kibanja, mbele ya mashahidi, wangali na akili zao. Baadhi ya watu walisema ni uchuro. Wagonjwa wenyewe, nijuavyo mimi, walishukuru. Mtu anayekufa huku anajua watoto wake watalala wapi hupumua tofauti, alisema, na alikuwa mtu wa kusikiliza pumzi.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waume hao. Karatasi yake ninayo, mwandiko wa dada yake, sahihi yake imepinda. Mimi na mdogo wangu tuna kibanja kwa sababu yake.

Alistaafu mwaka 1999 na hakupumzika. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini kuanzia mwaka 2004, alikuwa tayari bibi wa miaka 60, na daftari likapata maneno mapya: kumkumbusha vidonge saa mbili, kumpeleka CTC Ndolage Jumanne (kliniki ya dawa hizo), nauli. Nilikuwa Mwanza wakati huo, nimeajiriwa, nikirudi likizo namkuta anacheka kuliko nilivyomjua. Watu waliokuwa wameandikiwa sanda walikuwa wanarudi kulima. Aliniambia amezeeka na kuona yale ambayo wenzake aliosoma nao, waliokufa katikati ya giza lile, walisali bila kuyaona, na kila alipokuta mtu aliyenenepa sokoni alimshukuru Mungu hapo hapo kwa sauti, mtu mwenyewe akiona haya.

Miaka michache baadaye mtu mmoja wa utafiti, mwenye adabu kabisa, alisikia habari za madaftari yale akaomba ayasome, akaahidi kuficha majina. Shangazi alimpa chai, akamwambia atafikiri. Usiku ule alinipigia simu kuniuliza nionavyo. Nilimwambia ni historia, itawasaidia watu. Akasema ni kweli, ila waliomwambia mambo yale hawakumwambia kwa ajili ya historia. Asubuhi aliyachoma yote ya miaka ile nyuma ya jiko, moja moja, akibakiza lile la mwaka huo tu. Bado sijui kama mimi ningekuwa na ujasiri wa kufanya hivyo, na bado naona alikuwa na haki.

Msiba wake ulijaa. Wasifu uliposomwa na mchungaji kuuliza kama yuko mwenye neno, walisimama watu wengi kuliko ratiba. Hawakumsifu. Kila mmoja alitaja jambo, kana kwamba anasoma mstari: alinisukuma kwenye baiskeli mpaka Ndolage usiku nikiwa na uchungu, alinifundisha kumfunga vidonda mama yangu, alikuja na kadi ya mwanangu barazani. Mzee yule wa shetani na kanga alikuwepo, amezeeka sana, akasaidiwa kusimama. Alisema, "Alininyamazia, na kumbe alikuwa anamnyamazia mwanangu pia," akashindwa kuendelea.

Siku ya kuanua matanga, tulipokwisha kugawana kanga zake na kupanga nani atakaa na Mwalimu, ambaye alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, binamu yangu mkubwa alileta daftari la mwaka ule. Lilikuwa na majina sita yasiyokamilika. Hatukuimba. Alisoma la kwanza, mzee mwenye kidonda mguuni, mdogo wangu akasema atakuwa anakwenda. La pili alilichukua mke wa binamu. La tatu hakuna aliyejibu, likarudiwa mwisho, na Mwalimu, ambaye tulidhani hafuatilii, akakohoa akasema, "Nitapita mimi." Tukamwandika, pamoja na kijana wa kumshika mkono. Langu lilikuwa la tano: msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akilelewa na bibi yake, michango ya bweni na sare, kila Januari na Julai.

Amemaliza kidato cha nne, na sasa anasomea ufundi wa umeme VETA. Mwezi huu anahitaji viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Nimeshapata namba yake, 38, na basi la Bukoba linaondoka Ijumaa.